Jinsi ya Kupima Gesi ya Halo za Galaksi kwa Mistari ya Urujuanimno

Gesi inayoizunguka galaksi kwa nje, katika eneo pana liitwalo halo, ni hafifu kiasi kwamba nuru inayotoa yenyewe ni vigumu kuiona hata kwa darubini kubwa. Hata hivyo gesi hiyo ndiyo akiba ambayo galaksi huitumia kuunda nyota mpya, na ndiyo inayopokea oksijeni, kaboni na silikoni zinazorushwa nje pale nyota kubwa zinapolipuka. Mwaka 1956 Lyman Spitzer alipendekeza kwamba Njia Nyeupe, yaani galaksi yetu, imezungukwa na gesi yenye joto kali, na mwaka 1969 yeye na John Bahcall walieleza kwamba baadhi ya mistari ya giza inayoonekana katika nuru ya kwasari, yaani kiini cha galaksi ya mbali kinachong'aa sana, huenda inatokana na halo za galaksi zilizo njiani. Wazo hilo ndilo msingi wa kazi inayoelezwa hapa: kwasari iliyo mbali sana inamulika, nuru yake inapita katika halo ya galaksi iliyo karibu zaidi nasi, na kila aina ya ayoni (atomu iliyopoteza elektroni moja au zaidi) iliyomo inafyonza urefu wake maalumu wa wimbi.

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mwanafunzi wa fizikia au astronomia mwenye kompyuta, intaneti na ujuzi wa kawaida wa lugha ya Python. Data zinazohitajika zipo wazi kwa yeyote, kwa hiyo mtu aliyeko Dodoma au Kisumu anaweza kufanya uchambuzi uleule unaofanywa Baltimore. Kinachotakiwa zaidi ni subira, hasa katika hatua ya nne, ambayo kwa maoni yangu ndiyo inayobeba kazi yote.

Hatua ya kwanza: chagua mistari kabla ya kuchagua galaksi

Kila ayoni inasimulia habari za gesi ya hali fulani. Haidrojeni isiyopoteza elektroni hufyonza kwenye angstromu 1215.67 (angstromu moja ni sehemu ya bilioni kumi ya mita), mstari uitwao Lyman-alfa, na kwenye 1025.72, uitwao Lyman-beta. Magnesi iliyopoteza elektroni moja, yenye mistari pacha kwenye 2796 na 2803, inaonyesha gesi ya kiasi cha kelvini 10,000. Silikoni na kaboni zilizopoteza elektroni tatu ziko katikati, silikoni kwenye 1393.76 na 1402.77, kaboni kwenye 1548.20 na 1550.78. Oksijeni iliyopoteza elektroni tano, ambayo kuanzia hapa nitaiita oksijeni ya sita kama wanaastronomia wanavyoihesabu, ina mistari pacha kwenye 1031.93 na 1037.62. Kuitengeneza kunahitaji nishati ya takriban elektrovolti 114 kwa ayoni, na ikiwa kinachoitengeneza ni migongano ya chembe, hustawi zaidi katika joto la kelvini 300,000 hivi.

Mistari hii karibu yote iko katika urujuanimno, na ozoni ya angahewa yetu huzuia nuru ya urefu wa wimbi ulio chini ya angstromu 3000 hivi. Kwa galaksi zilizo karibu kiasi, hakuna njia ila darubini iliyo nje ya angahewa. Chombo kilichobadilisha fani hii ni spektrografu ya Cosmic Origins, au COS, ambayo wanaanga waliifunga kwenye darubini ya Hubble mwezi Mei 2009. Mpangilio wake uitwao G130M unafunika takriban angstromu 1150 hadi 1450, na G160M unaendelea hadi 1775 hivi.

Mipaka hiyo ndiyo inayoamua galaksi zako. Ulimwengu unapopanuka, nuru hunyooshwa, na kiasi cha kunyooshwa huitwa mhamo mwekundu na huandikwa kwa herufi z. Mstari wa urefu fulani huonekana kwenye urefu huo ukizidishwa kwa 1 + z. Kwa hiyo oksijeni ya sita haiingii katika G130M mpaka z ifike kama 0.11, ilhali kaboni ya 1548 inatoka nje ya G160M mara z inapozidi 0.146. Ukitaka ayoni zote mbili katika halo moja kwa mipangilio hii miwili, umebakiwa na ukanda mwembamba sana wa galaksi. Fanya hesabu hii kwanza, maana hakuna uchambuzi utakaorudisha mstari ambao kitambuzi hakikuufikia.

Hatua ya pili: pata jozi ya kwasari na galaksi

Fungua hifadhi ya data iitwayo MAST, inayotunzwa na Taasisi ya Sayansi ya Darubini za Anga za Juu huko Baltimore, na utafute kwasari zilizochunguzwa kwa COS. Halafu linganisha mahali pa kila kwasari na orodha ya galaksi zenye z inayojulikana, kwa mfano za uchunguzi mkubwa wa anga uitwao Sloan. Jozi inafaa ikiwa galaksi iko mbele ya kwasari na mstari wa nuru unapita ndani ya halo yake.

Tangu hapa nitatumia mfano mmoja wa kukokotoa: galaksi ya kudhaniwa yenye z = 0.200, ambayo kwasari yenye z = 0.5 inaonekana sekunde 30 za tao pembeni yake (sekunde ya tao ni sehemu ya 3,600 ya digrii). Kwa vipimo vya kawaida vya upanukaji wa ulimwengu, katika z hiyo kila sekunde ya tao ni takriban kiloparseki 3.3, kwa hiyo nuru inapita kiloparseki 99 kutoka kitovu cha galaksi, sawa na miaka nuru 320,000 hivi. Umbali huu wa pembeni uandike daima pamoja na uzito wa nyota za galaksi na kasi yake ya kuunda nyota, kwa sababu bila hayo matatu namba yoyote utakayopima baadaye haina pa kuwekwa.

Hakikisha z ya galaksi imepimwa kwa spektra, yaani nuru iliyotawanywa kwa urefu wa wimbi, si kwa kukisia kutokana na rangi zake. Kosa la 0.001 tu katika z ya mfano wetu ni sawa na kilomita 250 kwa sekunde, na hilo latosha kukufanya useme kwamba gesi inaikimbia galaksi ilhali imetulia ndani yake.

Hatua ya tatu: andaa spektra

Faili za COS zilizokwisha kusafishwa huwa na kiambishi x1d, na hufunguliwa na maktaba ya Astropy. Ikiwa kwasari ilipigwa mara kadhaa, unganisha mapigo yote kwa kujumlisha hesabu za fotoni badala ya kupiga wastani wa mng'ao, kwani pale nuru ilipo kidogo makosa ya hesabu hayako sawa juu na chini. Kila kipande kidogo ambacho chombo kinaweza kukitenganisha kimegawanywa katika pikseli sita hivi, kwa hiyo kuunganisha pikseli tatu tatu hakukupotezei chochote na kunapunguza kelele.

Angalia mambo mawili. Kwanza, angahewa ya juu ya Dunia inang'aa yenyewe kwenye Lyman-alfa karibu na 1216 na kwenye mistari ya oksijeni kati ya 1302 na 1306. Maeneo hayo yaweke alama na usiyapime, isipokuwa mistari ya oksijeni katika data zilizokusanywa Hubble ikiwa upande wa usiku. Pili, kipimo cha urefu wa wimbi kinaweza kupotoka kwa kilomita 10 au zaidi kwa sekunde kutoka sehemu moja ya spektra hadi nyingine. Linganisha mistari ya Njia Nyeupe iliyosambaa katika spektra nzima, kama vile silikoni ya 1260.42 na kaboni ya 1334.53, na uone kama inakubaliana kwa kasi.

Hatua ya nne: tambua mistari

Hapa ndipo haraka inapoharibu kazi. Ukifungua spektra ya kwasari utaona makumi ya mistari, na hakuna hata mmoja uliokuja na jina lake. Baadhi ni ya Njia Nyeupe, baadhi ni ya kwasari yenyewe, na iliyobaki ni ya gesi yoyote iliyo popote kati yetu na kwasari. Kuona mstari pale ulipoutarajia si ushahidi kwamba ni wa galaksi yako.

Tuuchukue mfano wetu. Katika z = 0.200 oksijeni ya sita ya 1031.93 inatarajiwa kwenye 1238.31. Tuseme mstari upo hapohapo. Je, ni wake? Naitrojeni iliyopoteza elektroni nne ndani ya Njia Nyeupe hufyonza kwenye 1238.82, nusu angstromu tu pembeni, sawa na kilomita 124 kwa sekunde, na gesi ya halo yetu wenyewe inaweza kabisa kuwa na mwendo huo. Lyman-alfa ya gesi iliyo karibu nasi, kwenye z = 0.0186, nayo ingetua palepale. Lyman-beta ya gesi iliyo kwenye z = 0.207 ingetua palepale pia, na vivyo hivyo Lyman-gama, ambayo asili yake ni 972.54, ikiwa gesi yake iko kwenye z = 0.273. Kwasari yetu iko kwenye z = 0.5, kwa hiyo yote haya yanawezekana.

Kila dai lina shahidi wake, nawe unatakiwa umwite mmoja baada ya mwingine. Kama ni naitrojeni ya Njia Nyeupe, pacha wake anapaswa kuonekana kwenye 1242.29, dhaifu zaidi lakini wa umbo lilelile. Kama ni Lyman-beta ya 0.207, basi Lyman-alfa yake, ambayo ni kali zaidi, lazima iwepo karibu na 1467. Isipokuwepo, dai limeanguka. Kama ni Lyman-gama ya 0.273, tazama 1306 kwa Lyman-beta, na hapo ujue kwamba mng'ao wa oksijeni ya angahewa unaweza kukufichia shahidi, kwa hiyo nenda moja kwa moja kwenye Lyman-alfa karibu na 1548. Dai la Lyman-alfa ya 0.0186 ndilo gumu zaidi, maana Lyman-beta yake ingekuwa kwenye 1045, nje ya uwezo wa mpangilio wetu. Hilo huwezi kulikanusha moja kwa moja; unaweza tu kulishinda kwa kuthibitisha dai la oksijeni.

Uthibitisho huo unatoka kwa pacha wa oksijeni ya sita, anayetarajiwa kwenye 1245.14. Usitosheke kwa kuona kuna kitu pale. Geuza mhimili wa urefu wa wimbi kuwa mhimili wa kasi, ukichukua z ya galaksi kuwa sifuri, kisha uchore mistari yote inayotarajiwa, mmoja juu ya mwingine, kutoka kilomita 600 hasi hadi 600 chanya kwa sekunde: Lyman-alfa kwenye 1458.80, Lyman-beta kwenye 1230.87, silikoni ya 1206.50 kwenye 1447.80, kaboni ya 1334.53 kwenye 1601.4, na oksijeni zote mbili. Mabonde ya pacha wawili, yaani sehemu ambazo nuru imepungua katika mchoro, yanapaswa kuanza, kufika chini na kuisha kwenye kasi zilezile. Bonde likiwa na mabega mawili kwa mmoja na bega moja kwa mwenzake, sehemu ya ziada ni ya mgeni, na sehemu hiyo peke yake ndiyo ya kuondolewa katika kipimo.

Programu ya linetools, inayopatikana bure, ina dirisha la kuchora mistari hivi na kuisogeza kwa z yoyote. Hata hivyo tambua kila mstari wa spektra nzima, si ile inayokuhusu tu. Ni kazi ya kuchosha, lakini mgeni aliyetambuliwa kwenye 1467 ndiye anayekuokoa kwenye 1238.

Hatua ya tano: chora usawa wa msingi na pima upana

Usawa wa msingi ni mng'ao ambao kwasari ingekuwa nao kama kusingekuwa na gesi njiani. Chagua maeneo yasiyo na mistari pande zote mbili, kilomita 1000 hivi kwa sekunde kila upande, na upitishe polinomia ya daraja la chini. Polinomia ya daraja la juu hupinda na kuingia ndani ya bonde unalotaka kulipima. Rudia uchoraji mara kadhaa kwa maeneo tofauti kidogo, na tofauti ya majibu uiingize katika makosa ya kipimo, kwani kwa mistari dhaifu mara nyingi hiyo ndiyo sehemu kubwa ya kosa lote.

Kisha gawanya spektra kwa usawa huo na ujumlishe eneo la bonde. Matokeo huitwa upana linganifu, na hutolewa kwa angstromu. Ugawanye kwa 1 + z ili upate upana wa asili: bonde lenye upana wa angstromu 0.24 katika spektra ya mfano wetu ni 0.20 kwenye galaksi yenyewe.

Hatua ya sita: geuza upana kuwa idadi ya ayoni

Tunachotafuta ni idadi ya ayoni ndani ya nguzo ya sentimita moja ya mraba inayofuata mstari wa nuru kutoka mwanzo hadi mwisho wa halo. Mstari ukiwa dhaifu, idadi hiyo ni 1.13 × 10²⁰ ikizidishwa kwa upana wa asili, kisha kugawanywa kwa nguvu ya mpito (namba inayoonyesha jinsi ayoni inavyofyonza mstari huo kwa urahisi) na kwa mraba wa urefu wa wimbi. Nguvu ya mpito wa 1031.93 ni 0.1325, kwa hiyo upana wa 0.20 unatoa takriban ayoni 1.6 × 10¹⁴, ambayo logariti yake ni 14.2.

Lakini mstari ukishiba, yaani nuru ikiwa imeshafyonzwa karibu yote katikati ya bonde, ayoni za ziada hazina cha kufyonza na kanuni hiyo inapunguza hesabu. Pacha ndiye anayekufichulia jambo hilo, na kwangu hii ndiyo sababu kubwa kuliko zote ya kupenda mistari pacha. Mstari wa 1037.62 una nguvu ya 0.0658, nusu ya mwenzake, kwa hiyo bila kushiba upana wake ungekuwa 0.10. Ukiupima ukapata 0.13, hesabu inayotokana nao ni 2.1 × 10¹⁴, kubwa kuliko ile ya kwanza. Ayoni ni zilezile, kwa hiyo tofauti hiyo inakuambia kwamba mstari mkali umeshiba, na jibu la kweli liko angalau kwenye namba ya pili. Usipige wastani wa hizo mbili.

Njia iliyo bora zaidi ni ile ambayo Blair Savage na Kenneth Sembach waliieleza mwaka 1991, ya kukokotoa idadi ya ayoni pikseli kwa pikseli katika mhimili wa kasi, kisha kulinganisha pacha wawili katika kila kasi. Pale michoro yao inapoachana ndipo penye kushiba, au ndipo alipojificha mgeni ambaye hukumtambua katika hatua ya nne. Ukipendelea kulinganisha bonde na umbo la kinadharia la Voigt, hakikisha umeliunganisha na umbo halisi la mtawanyo wa COS, ambalo lina mabawa mapana kuliko mkunjo wa Gauss.

Haidrojeni inahitaji tahadhari ya pekee. Lyman-alfa hushiba mapema, na kuanzia kiasi cha 10¹⁴·⁵ hadi karibu 10¹⁸·⁵ upana wake haubadiliki sana ijapokuwa idadi inaongezeka mara elfu kumi. Katika mfano wetu unabaki na Lyman-beta na Lyman-gama, inayotua kwenye 1167, ukingoni mwa kitambuzi. Mistari ya juu zaidi iko nje. Zote zikiwa zimeshiba, andika kikomo cha chini na uendelee.

Hatua ya saba: usipoona kitu, pima kutokuona

Halo isiyo na mstari ni data sawa na halo yenye mstari. Kosa la upana ni urefu wa kipande kimoja kinachotenganishwa na chombo, ukizidishwa kwa kipeuo cha pili cha idadi ya vipande ndani ya mstari, na kugawanywa kwa uwiano wa ishara na kelele. Kwa kipande cha angstromu 0.07, mstari wa vipande sita na uwiano wa 10, kosa ni 0.017. Mara tatu yake ni 0.05, ambayo katika galaksi yetu ni 0.043, na kikomo cha juu cha oksijeni ya sita kinakuwa takriban 10¹³·⁵.

Umuhimu wa jambo hili ulionekana wazi katika uchunguzi wa COS-Halos ulioongozwa na Jason Tumlinson na kutolewa mwaka 2011. Oksijeni ya sita ilipatikana katika galaksi 27 kati ya 30 zinazounda nyota, lakini katika 4 tu kati ya 12 zilizoacha kuunda. Bila vikomo vya juu vilivyopimwa kwa uangalifu, zile galaksi 8 zingekuwa ukimya mtupu, na tofauti hiyo kubwa isingejulikana. Haidrojeni, kwa upande wake, ilionekana mara nyingi hata kuzunguka galaksi zilizoacha kuunda nyota, jambo linaloonyesha kwamba kukosa oksijeni ya sita si sawa na kukosa gesi.

Hatua ya nane: kutoka ayoni hadi gesi

Ayoni uliyoipima ni sehemu tu ya elementi yake. Ili ujue oksijeni yote unahitaji kujua ni asilimia ngapi imo katika hali hiyo, na hapo hutumika programu ya Cloudy, iliyoanzishwa na Gary Ferland mwaka 1978, ambayo hukokotoa hali za ayoni kwa joto, msongamano na mionzi utakayoipa. Kwa ayoni za nishati ndogo, kama magnesi na silikoni, modeli ya gesi inayomulikwa na mionzi ya jumla ya kwasari na galaksi hufanya kazi vizuri kiasi. Kwa oksijeni ya sita ubishi haujaisha: inaweza kuwa gesi ya joto la wastani inayopoa, au gesi hafifu sana inayomulikwa na mionzi mikali. Usiilazimishe ikae katika modeli moja na magnesi kwa sababu tu zimeonekana kwenye kasi moja.

Upana wa mstari unatoa msaada kidogo. Oksijeni katika kelvini 300,000 ina mtawanyo wa joto wa kilomita 18 hivi kwa sekunde. Ukipata mstari mwembamba kuliko huo, hata baada ya kuzingatia uwezo wa chombo, gesi hiyo haiwezi kuwa na joto hilo.

Hatua ya tisa: kusanya halo nyingi

Kwasari moja inapita mahali pamoja tu pa halo. Galaksi ya Andromeda ni ya pekee kwa sababu iko karibu, miaka nuru milioni 2.5, na halo yake imetanda juu ya sehemu kubwa ya mbingu. Mwaka 2020 Nicolas Lehner na wenzake walitumia kwasari 43 kuipima, wakaona inafika miaka nuru milioni 1.3, na milioni 2 katika baadhi ya pande. Kwa galaksi nyingine hatuna budi kuchukua halo nyingi zinazofanana, moja moja, na kuzichukulia kama sampuli za halo moja.

Ukishakuwa nazo, uzito wa oksijeni unakokotolewa hivi: eneo la duara la halo, mara wastani wa idadi ya ayoni, mara sehemu ya mistari ya nuru iliyokutana na gesi, mara uzito wa atomu ya oksijeni, kisha kugawanywa kwa sehemu ya oksijeni iliyo katika hali ya sita. Chukua kiloparseki 150, wastani wa 10¹⁴·⁵, sehemu ya 0.85, na 0.2 kwa ile sehemu ya mwisho. Utapata takriban mara milioni 12 ya uzito wa Jua. Hiyo 0.2 ndiyo ya juu kabisa ambayo oksijeni ya sita huifikia katika hali za kawaida. Ikiwa kwa kweli ni 0.02, uzito unaongezeka mara kumi. Kwa hiyo katika jedwali lako la mwisho, mbele ya namba hiyo, andika neno "angalau", na pembeni yake uandike sehemu uliyoitumia, ili atakayekuja na modeli iliyo bora aweze kuibadilisha bila kurudia vipimo vyako.